Kofi ya Mupaka

Kahongya Emérence, mutoto wa Sikuli, Sikuli mutoto wa Maliro. Maliro njo alikata pori ya ule mulima na shoka moja. Mupini ikavunjika mara tatu, akachonga ingine, akaendelea. Sikuli njo alilala wiki mbili mu gereza ya Babeleji juu alikataa kusema mbele ya batu kwamba mbuzi ya jirani ilikuwa ya chef. Na Emérence mwenyewe alibeba samaki ya Kyavinyonge ku mugongo miaka kumi na ine, akazika mume na batoto babili, akasomesha batatu benye balibakia, na mu miaka sabini na moja hakuna mutu alimushika na bongo, hata uongo kidogo. Hata benye habakumupenda balikuwa banasema: ukitaka kujua kitu vile iko, uliza mutoto wa Sikuli, mais ujikaze kwanza, juu hatakupakalia mafuta.

Ile kazi ya ushahidi aliipata akiwa na miaka tisa. Muzee Ézéchiel na mudogo wake balikuwa banakata shamba ya baba yao vipande viwili, juu ya mulima nyuma ya muji wa Butembo. Bakaita Sikuli asimamie, sababu hakuwa wa jamaa yao na hakuwa na adui. Sikuli akakuja na binti yake. Bakachimba shimo ku kona ya juu, karibu na jiwe kubwa yenye kufanana na mugongo ya ngombe. Ndani bakatia makaa na nusu ya jiwe ya kusagia, bakafunika, bakapanda muti ya mupaka pale juu. Nusu ingine ya ile jiwe Sikuli akaifunga mu kitambaa, arudie nayo kwake.

Kisha akageuka, akapiga mutoto kofi ku shavu ya kushoto. Ilikuwa kofi ya kweli, hapana ya muchezo. Emérence alianguka mu majani.

"Sikuli, utamutoa meno," Ézéchiel akasema.

"Meno itaota. Mupaka haioti."

Ile wakati bazee balifanya vile: makaa haiozi mu udongo, na mutoto mwenye alipigwa pa fasi moja hasahau ile fasi. Emérence hakusahau. Kila mara alipita pale, shavu ilipata moto kidogo, hata akiwa na bajukuu.

Miaka ikapita makumi sita na zaidi. Benye balisimama ku ile shimo balikufa bote, akabakia yeye. Shamba ya Ézéchiel ilikuwa imefika kwa mutoto wake Lusenge, na ile ingine kwa Kitsa, mutoto wa ule mudogo. Lusenge aliuawa mu shamba ya kakao upande ya Beni, siku moja na bengine benye majina yao redio ilisoma mara moja tu, kisha ikapiga muziki. Mwaka haikuisha, Kitsa aling'oa miti ya mupaka akaipanda tena hatua makumi ine ndani ya shamba ya mujane.

Mujane ni Rébecca, mama wa kanisa ya Baprotestanti, mwenye sauti ndogo. Alikuja kwa Emérence na kuku chini ya kwapa.

"Rudia na kuku yako," Emérence akamuambia. "Ushahidi hainunuliwe. Mimi nitasema kitu niliona."

"Banasema ni weye tu ulibakia, mama."

"Nilibakia, ndiyo. Kuko benye bangefurahi nisibakie."

Jumanne akasema mbele ya chef wa mulima na bazee sita. Akasema shimo, makaa, jiwe, kofi. Kitsa akasimama na heshima yote, mutu wa koti na kofia, mwenye kusema polepole.

"Mama huyu ninamuheshimu. Mais alikuwa na miaka tisa. Mutoto wa miaka tisa anajua nini?"

"Anajua kofi," Emérence akajibu, na bazee bakacheka, hata chef. Bakakata shauri: ijumaa batachimba, na yeye alete nusu ya Sikuli. Nusu mbili zikishikana, maneno imeisha.

Jumatano alienda ku matanga Beni, akarudi siku ile ile ku moto, ile pikipiki, na mvua ya baridi njia yote. Nyuma ya sikio ya kushoto kulikuwa kunamuuma tangu asubui. Alisema ni uchovu. Alhamisi akaamuka, akakunywa chai, na chai ikatoka ku kona ya mudomo ikamwagika ku kikwembe, kitenge yake. Akafuta. Akakunywa tena, ikatoka tena. Akanawa uso, sabuni ikaingia mu jicho ya kushoto, na jicho ikakataa kufunga. Akaenda ku kioo.

Upande ya kuume ilikuwa ya Emérence. Upande ya kushoto ilikuwa imeshuka yote, nyushi, shavu, mudomo, kama nguo yenye kulowana ku kamba. Akajaribu kucheka, upande moja ikacheka, ingine ikamuangalia. Akaita mudogo wake Apollinaire, mukatekista, mwenye balikaa naye parcelle moja, kiwanja kimoja. Jina ya mudogo wake ikatoka na upepo, juu midomo haikushikana.

Apollinaire akafika ku mulango, akamuona, akafanya ishara ya musalaba. Ile ishara Emérence hakuisahau pia.

Ijumaa akapanda mulima na nusu ya jiwe mu kitunga na kikwembe imefunika uso hadi macho. Bazee balikuwa na majembe. Kitsa akamusalimia, akangojea batu bote banyamaze.

"Mama, toa kikwembe ku uso. Mwenye anasema ukweli hajifunike."

Akatoa. Muzee moja akarudi hatua nyuma. Jogoo moja ikawika chini kule.

"Sikuli alipiga ile shavu ili iseme ukweli," Kitsa akasema, tena na huzuni. "Muiangalie leo. Mimi sikuigusa."

Chef akalaza jembe mu majani.

"Tutangojea."

"Tungojee nini?" Rébecca akauliza.

"Tuone udongo inasema nini."

Udongo ilikuwa tayari kusema, ilikuwa na jiwe ndani ya tumbo, hatua tano tu pale balisimama. Mais habakuuliza udongo. Balirudia kwao.

Mu parcelle, kila mutu alikuja na sababu yake, na kila mutu alikula mbele ya kutoka. Jirani wa juu alisema ni upepo ya moto. Muke wa Apollinaire alisema ni sumu ya ku matanga, mukono wa mutu mu mboga. Muzee moja alimuchanja na wembe nyuma ya sikio, akapakala majivu ya majani yenye kunuka kama mbuzi dume. Na mama moja wa chumba ya maombi, mwenye batu banamuogopa kuliko padri, alimuangalia muda murefu, akasema: "Huyu mama alitia Mungu mu maneno ya shamba. Mudomo itarudi siku ataondoa bongo yake."

"Sikusema bongo."

"Basi mudomo ibakie vile."

Rébecca alikuja jumapili kisha kanisa. "Mama, twende hospitali. Nimeona mutu wa kwetu na hii ugonjwa, balimupa comprimé, akapona. Nitakulipia moto."

Apollinaire akatoka mu nyumba. "Weye unataka mudomo yake ipone juu ya shamba yako."

"Ndiyo, ninataka," Rébecca akasema na ile sauti yake ndogo. "Na ninataka ipone juu ya yeye. Siwezi kutaka mambo mbili?"

Apollinaire akafunga mulango ya lupango. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa anamupenda dada yake na alikuwa anaogopa, na mutu mwenye upendo na woga pamoja ni hatari kuliko adui, adui unamuona.

Bakamulaza mu chumba ya maombi wiki tatu. Kufunga chakula, kuimba, kushikwa kichwa. Hakuna mutu alifikiri kufunika ile jicho yenye haifunge. Vumbi ikaingia, moshi ikaingia, ikakuwa nyekundu, kisha ikaanza kupata kidoti cheupe katikati kama tone ya maziwa. Ku komunyo jumapili moja, padri aliweka ostia ku ulimi, na mate ikamwagika ku mukono wa padri. Bamama benye balikuwa nyuma yake bakaangalia viatu zao. Emérence, mwenye aliingia mu kila nyumba ya ule mulima kichwa juu, akaanza kupita nyuma ya migomba.

Kila jioni Apollinaire alikaa karibu naye. "Yaya, dada yangu, kuko kitu unaficha?"

"Hapana."

"Tafuta muzuri. Ulikuwa mutoto. Pengine ni kona ingine. Pengine ni kitu baba alikuambia tu, hapana kitu uliona."

Akatafuta. Akatafuta bongo ndani ya kichwa yake vile mutu anatafuta chawa ku kichwa ya mutoto, nywele kwa nywele. Alikuta shimo, makaa, jiwe, kofi, majani ya baridi ku uso. Bongo hakukuta. Na vile hakukuta, mu siku ya makumi mbili na moja, akatengeneza moja.

Mu bureau ya chef alisema: "Sikuona jiwe. Baba aliniambia tu." Chef akaandika, yeye akatia saini, ile saini muzuri alifunzwa na ba sœur, bamasista, mu shule ya primaire. Kitsa akatoa kofia. "Mungu akubariki, mama." Rébecca alikuwa amesimama ku mulango. Aliangalia uso ya Emérence, pande zote mbili, kama mutu mwenye anatafuta upande gani aongee nayo.

"Basi kofi ya baba yako ilikuwa ya bure," akasema, akaenda.

Siku tisa kisha pale, kona ya mudomo ikatikisika.

Kidogo sana, kama maji yenye mududu amegusa. Kisha shavu. Muke wa Apollinaire akapiga vigelegele, bakatoa misa ya shukrani, na mama wa chumba ya maombi akasimama mbele ya kanisa na kumushika mukono, ili batu baone. Mulima yote ikajua: alikubali bongo, na Mungu akamurudishia uso. Kitsa akatuma kitunga ya maharagi mapya. Yalitoka mu zile hatua makumi ine. Emérence aliyapika, akayakula. Hiyo pia iko mu habari yake, haitaondolewa.

Mais jicho haikusikia habari ya Mungu. Ilizidi kuuma. Basi Apollinaire akamupeleka Beni kwa docteur wa macho, na docteur wa macho, kisha kutia dawa na kutikisa kichwa, akabatuma kwa Eliane, kiné, ule mwenye kufundisha tena viungo vyenye vimelala. Musichana wa Mutwanga, mufupi, mwenye kucheka haraka.

"Koko, bibi yangu, nyanyua nyushi zote mbili. Vile mutu anashangaa."

Paji ya uso ikakunjamana upande moja tu.

"Muzuri. Hapana muzuri kwako, muzuri kujua. Ingekuwa damu imeziba mu kichwa, AVC, paji ingekunjamana pande zote mbili, na mukono au muguu ungelegea. Hii yako ni nerf, mushipa ya fahamu ya uso." Akagusa nyuma ya sikio, pale wembe ilipita. "Inapita hapa, mu shimo nyembamba ya mufupa. Ikivimba, inajinyonga yenyewe, kama mutu munene mu mulango mudogo. Ulikuwa na malengelenge mu sikio?"

"Hapana. Maumivu tu."

"Sukari? Tension ya damu?"

"Tension kidogo."

"Sikio yenye kutoka usaha? Kuanguka? Hapana? Basi. Inaweza kuwa zona, ile ya malengelenge, inaweza kuwa sukari, ugonjwa ya sikio, pigo, hata uvimbe, njo maana tunaangalia. Mais mara mingi ni kamududu kamelala mu mwili tangu utoto, kanaamuka siku mutu amechoka. Na mara mingi tena hatujui kabisa."

Apollinaire alikuwa anageuza kofia mu mikono. "Na bongo, mademoiselle?"

"Bongo gani?"

"Mutu akisema bongo. Nerf inaweza kufa?"

Eliane akacheka. "Papa, kama bongo ingekuwa inapindisha mudomo, kutoka hapa mpaka Butembo hakuna mutu angeweza kunywa chai." Kisha akaona habacheki, akaacha.

Emérence akauliza polepole, akichagua maneno. "Na mutu asingefanya kitu? Asingeomba, asingesema kitu kwa mutu. Ingerudi?"

"Kwa batu bengi inarudi yenyewe, koko. Inaanza wiki ya tatu, ya ine, ya tano. Ungekuja mu siku tatu za kwanza, docteur angekupa cortisone, ingesaidia irudi muzuri zaidi. Na jicho tungeitia matone muchana, tungeifunga na plasta wakati ya kulala. Ile kidoti isingekuwa."

Emérence akahesabu ku vidole. Wiki tatu mu chumba ya maombi. Siku tisa. Akahesabu tena, akaanza na kidole ingine, na ikafika pale pale: wiki ya tano.

Ku njia ya kurudi, pale moto zinapumzika, Apollinaire akasema: "Nilitaka upone, yaya."

"Ninajua. Njo maana sijui nikuchukie vile gani."

Miezi minane alifanya kazi ya Eliane mbele ya kioo, asubui na jioni. Kuinua nyushi na kidole kuisaidia. Kufunga jicho polepole. Kusema pa, ba, ma, kama mutoto. Kupanguza shavu kutoka kona ya mudomo kuelekea sikio. Hapana kulazimisha, Eliane alimukataza, juu nerf yenye kulazimishwa inarudi na kuingia mulango ya jirani. Uso ikarudi, si yote. Akicheka, jicho ya kushoto inajifunga. Akikula, inatoa machozi, yenyewe, bila huzuni yoyote. Eliane alikuwa amemuambia inaweza kufika vile: nyuzi za mate zimepotea njia zikaingia mu machozi. Ku mulima batu bana maelezo ingine. Bakimuona ku karamu banasema: angalia, mutu wa bongo analia ku sahani yake.

Alirudi kwa chef mara tatu. Mara ya tatu akaweka nusu ya jiwe ku meza.

"Chimba. Zikikataa kushikana, munitupe inje ya mulima."

"Nichimbe mu maharagi ya mutu juu ya nani? Ulisema ndiyo, ulisema hapana, sasa unasema ndiyo. Kitsa amekataa, na ana haki." Chef akasukuma jiwe, hapana kwa kiburi. "Mama, uso yako ilirudi wakati ulikubali. Niliona na macho yangu."

"Na mimi niliona," Emérence akasema. "Na jicho moja."

Chef hakucheka ile siku.

Rébecca hakungojea. Alipanda kamio ya kubeba mbao, akaenda Kasugho kulima shamba za batu. Vile Emérence alifika kwake na maneno yake imepangwa mu kichwa, alikuta nyumba imefungwa na kamba ya migomba. Binti wa Rébecca tu alibakia Butembo, Jokébed, fundi wa kushona, mwenye miaka makumi mbili na mbili na midomo ya kujibu. Emérence akamutumia habari mara ine. Mara ya tano Jokébed akakuja.

Bakapanda mulima asubui moja ya kazi, umande ikiwa bado. Bakasimama ku njia, hapana ndani ya shamba. Maharagi ya Kitsa ilikuwa na maua.

"Koko, niko na nguo za harusi za kumaliza," Jokébed akasema. "Kama ni kuomba masamaha, mama yangu iko Kasugho. Anainama mu shamba ya mutu sasa hivi."

"Sikukuita juu ya masamaha. Masamaha nitamuendea mwenyewe, muguu ingali na nguvu." Akafungua kitunga, akatoa kitambaa. "Shika. Hapana vile, ni nzito. Na mikono mbili."

Jokébed akashika nusu ya jiwe. Upande moja ilikuwa laini juu ya miaka ya kusaga, upande ingine ilikuwa na meno.

"Unaona ile jiwe kama mugongo ya ngombe? Kutoka pale, kuelekea jua yenye kushuka, hatua tano za mutu mukubwa. Ni makaa kwanza, kisha ndugu ya hii."

"Na kwa nini habakuchimba?"

"Juu balinitazama uso. Na juu mimi pia nilijitazama uso."

Jokébed akaangalia meno ya ile jiwe. Kisha akasema, bila kuangalia mutu: "Mama anasema ungekuwa hata bubu ingekuwa heri."

"Anasema kweli."

Emérence akainua mukono, akamupiga kofi ku shavu ya kushoto. Ilikuwa kofi ya mwanamuke mwenye alibeba samaki miaka kumi na ine. Jokébed akarudi hatua moja nyuma, jiwe haikuanguka.

"Koko, una wazimu?"

"Sikia ile fasi inachoma. Hapo njo kona." Jicho ya Emérence ilikuwa inatoka machozi, na safari hii hakuwa anakula kitu. "Kitsa ana batoto bane. Siku moja batakata hii shamba, na batu ba kupima bataletwa. Ile siku usimame hapa na hii jiwe, useme bachimbe. Bakikuuliza nani alikuambia, useme: Kahongya Emérence, mutoto wa Sikuli. Useme alisema ukweli jumanne, na wiki tatu kisha akasema bongo juu ya kutaka uso yake, na uso haikujua tofauti. Useme yote mbili. Ile ya pili usiiache juu ya heshima yangu."

"Na kama bakichelewa? Kama na mimi nikizeeka?"

"Tafuta mutoto wa miaka tisa. Umulete hapa, umuonyeshe. Na umupige kweli."